UPEKUZI, "NDUGU" NA NCHI ZA NJE

Mwalimu mmoja wa Busale, wilayani Kyela, ametuuliza amwelekeze vipi kijana aombaye kazi penye siri za Serikali, zile zilindwazo na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Swali lililomkwamisha katika fomu ni fupi: "Taja ndugu zako walio nchi za nje." Je, ataje wangapi?

Kwanza tuyatenge maneno. Upekuzi ni kuchunguza mwenendo, uhusiano na uaminifu wa mtu kabla hajakabidhiwa siri. Polisi nao hupekua nyumba. Kwa hiyo twapendelea kuandika upekuzi wa kiusalama. Tokeo lake ni idhini ya kiusalama. Tumekuta rasimu zilizoandika "kusafishwa", neno lisilofaa hata kidogo, maana humfanya mwombaji aonekane alikuwa na uchafu.

Shida kubwa imo katika neno ndugu. Kwa Wanyakyusa ndugu wa baba ni baba, na watoto wake ni ndugu wa mtu hasa. (Enzi za Ujamaa kila raia alikuwa Ndugu, hata katika barua za ofisi!) Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, wakawaacha Wanyakyusa upande huu na Wangonde, walio karibu nao mno kwa lugha na desturi, upande wa Karonga. Tena mto wenyewe huhama mkondo huko tambarare, hata shamba lililolala Tanzania laweza kuamka ng'ambo. Basi mtu wa Kyela aweza kuwa na "ndugu wa nje" ambao hawajapata kusafiri.

Kijana akiwataja wote, karatasi yake itajaa Wamalawi, na mpekuzi hawezi kusahau mzozo wa mpaka wa ziwani ulioibuka mwaka 1967 na kupamba moto tena mwaka 2012. Asipowataja, wakigunduliwa baadaye ataitwa mfichaji, na kuficha huharibu kuliko undugu wenyewe.

Mwongozo wa Marekani ulioanza kutumika Juni 2017 haumkatai mtu kwa sababu tu ana jamaa wa kigeni. Huuliza kama jamaa huyo aweza kutumiwa kumrubuni au kumshurutisha mwombaji, na yuko nchi gani. Wafasiri huliita jambo hili ushawishi wa kigeni. Twalikubali, mradi isisahaulike kwamba ushawishi hapa si maneno matamu tu. Ni pamoja na vitisho juu ya mama mzazi aliye ng'ambo.

Tena "aliye nje" si sawa na "raia wa nchi ya nje". Mtanzania afanyaye biashara Karonga ni wa kwanza. Mke Mmalawi aishiye Busale ni wa pili. Fomu iulizayo mahali peke yake humkosa huyu wa pili, ambaye ndiye wa karibu zaidi.

Twapendekeza swali liandikwe hivi: "Taja mzazi, mwenzi, mtoto, au ndugu wa baba au mama mmoja, aliye raia wa nchi nyingine au aishiye huko. Taja pia jamaa mwingine yeyote wa namna hiyo unayemtegemea au anayekutegemea." Kabla fomu haijabadilishwa, tumemshauri mwalimu kwamba kijana asiandike "ndugu" peke yake, bali aeleze: "mtoto wa baba mdogo, raia wa Malawi, Karonga, tunaonana misibani."