Amri Humwelemea Zaidi Asiye na Akiba

Tukitaja udikteta, wengi wetu humfikiria mtawala na magereza yake. Riwaya ya Kiswahili imetuonyesha pengine pa kuutazama: kwenye kaya ya mkulima inayoamriwa kuhama wakati ghala ni tupu. Katika Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, Euphrase Kezilahabi alisimulia jinsi wanakijiji wanaokataa kuhamia kijiji cha ujamaa wanavyojibiwa kwa nguvu za dola. Hoja ninayoiona humo ni kwamba umaskini ndio unaoipa amri makali yake. Mwenye akiba anaweza kubisha, kusubiri au kuondoka. Asiye nayo hutii, maana msimu mmoja ukimpotea, watoto wake watalala njaa.

Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, unaithibitisha hoja hiyo. Huku Gulwe na Mpwapwa nzima mvua ni chache, na wazee walijenga nyumba zao za tembe mbali mbali ili ng'ombe wapate malisho na mashamba ya uwele na mtama yapumzike. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya wakoloni yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Ukame ulipofuata, ikaja njaa ya Mtunya iliyoua maelfu. Baada ya Uhuru nia ilikuwa njema, lakini Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 nayo ilikusanya kaya mahali pamoja, na mashamba yaliyo karibu na makazi yakachoka upesi. Tawala hizo hazifanani kwa mengi. Kinachofanana ni kwamba mwenye kubeba hasara hakuwa mwenye kuamua.

Wapo watakaosema Mwalimu Nyerere hakuwa dikteta, na kwamba vijiji vilileta shule, zahanati na maji. Ni kweli, na watoto wengi wa wakulima walisoma kwa sababu hiyo. Lakini Mwalimu mwenyewe aliandika mwaka 1968 kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza, na kwamba ujamaa hauji kwa kulazimishwa. Miaka mitano baadaye, kuishi vijijini kukawa amri. Wengine watasema riwaya ni ya kubuni, si ushahidi. Idadi ya waliohamishwa tutaipata kwenye ripoti. Hofu ya mama anayeacha mahindi shambani haina safu katika majedwali yake. Riwaya ndiyo iliyoitunza.

Leo reli ya kisasa inapita Gulwe, na miradi mingine inayohitaji ardhi itakuja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, lakini sauti ya mwenye njaa hununuliwa kwa bei rahisi. Viongozi wanaotaka maendeleo ya kweli wahakikishe kwanza kwamba mwanakijiji ana chakula, ana taarifa, na anaweza kusema hapana bila kuadhibiwa. Walimu nao wawasomeshe vijana Gamba la Nyoka kama sehemu ya historia yao.