Mpime fundi wa programu kabla ya kumlipa

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mitumba wa Mchikichini, jijini Dar es Salaam, anajua maana ya kununua belo likiwa limefungwa. Hulipa kwanza, hufungua baadaye, na akikuta nguo zilizochanika hasara ni yake.

Hasara kama hiyo humkuta pia anayetafuta kijana wa kumtengenezea programu ya kompyuta ya kuweka hesabu za duka. Huangalia cheti, husikiliza maelezo, kisha hutoa malipo ya awali. Programu ikianza kazi ndipo hugundua kuwa belo lililouzwa jana bado linahesabiwa kuwa lipo stoo, au kwamba jumla ya mauzo hailingani na fedha za droo.

Fundi cherehani hupewa kitambaa ashone. Fundi wa programu naye apewe kompyuta aandike.

Mwaka 2007 mtaalamu wa programu, Imran Ghory, alieleza jaribio dogo la kuwapima waombaji wa kazi. Aliliita FizzBuzz, kutokana na mchezo wa kuhesabu wa watoto wa shule wa Uingereza. Alikuwa ameona kuwa wapo waombaji wanaozungumza vizuri kuhusu kompyuta, lakini wakipewa kazi ndogo ya kuandika hushindwa.

Jaribio hilo linaweza kufanywa hata dukani. Mwambie kijana aandike programu inayohesabu kuanzia 1 hadi 100. Namba inayogawanyika kwa 3, kompyuta iandike “kanga” badala ya namba. Inayogawanyika kwa 5, iandike “kitenge”. Inayogawanyika kwa zote mbili, iandike “kanga kitenge”. Anayejua kazi hatahitaji zaidi ya dakika kumi.

Uzuri wake ni kwamba mwenye duka anaweza kusahihisha bila kujua lugha ya kompyuta. Jibu sahihi lina “kanga” peke yake mara 27, “kitenge” peke yake mara 14, na “kanga kitenge” mara 6. Namba zinazobaki ni 53. Angalia kwanza kwenye 15. Pakiandikwa “kanga” tu, kijana ameuliza swali la 3 akasahau kuwa namba hiyo inagawanyika kwa 5 pia. Kosa la aina hiyo ndilo linaloharibu hesabu za punguzo na madeni.

Siku hizi akili mnemba inaweza kutoa jibu hilo papo hapo. Kwa hiyo, baada ya kumaliza, mwambie aeleze kila mstari kwa Kiswahili, kisha abadilishe 3 iwe 7. Sasa “kanga kitenge” itokee mara mbili tu, kwenye 35 na 70. Aliyenakili bila kuelewa atakwama hapo.

Jaribio la pili litoke kwenye biashara yako. Stoo ina mabelo 10, mteja anataka 12. Je, programu inakataa, au inaandika kuwa yamebaki pungufu ya sifuri? Kwa chama cha ushirika cha wakulima, mpe magunia 12 ya kilo 90 kwa Sh800 kwa kilo. Jibu ni Sh864,000. Kisha ingiza uzito wa sifuri uone kama programu itatoa onyo.

Hata hivyo, mtihani usigeuzwe mtego. Mwache atumie kompyuta aliyoizoea, umruhusu aulize maswali, wala usimsimamie kichwani, kwani hata fundi mzuri huingiwa na woga. Aidha, kufaulu hakuthibitishi kuwa ni hodari. Kunaonyesha tu kuwa misingi anayo. Kazi alizokwishafanya na wateja wake wa zamani bado waulizwe.

Akishindwa, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine. Akifaulu, andikianeni mkataba, na malipo yatolewe kwa hatua, kila hatua baada ya kuijaribu kazi kwa hesabu zako mwenyewe.