Siku Mbili za Tano

Mtu ajifunzaye Kiswahili, akiisha kuzijua hesabu kutoka moja hata kumi, hupewa majina ya siku saba ayakariri, na aghalabu huyakariri bila kuuliza neno. Lakini mwenye kudadisi hukuta jambo la ajabu: katika juma la Waswahili mna siku mbili zinazofuatana, na zote mbili huitwa siku ya tano. Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kibantu, na Alhamisi, siku iifuatayo, ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu.

Jambo hili si kosa la mtu yeyote. Majina hayo yametoka katika hesabu mbili zisizoanzia mahali pamoja. Waarabu huanza kuhesabu kwa siku ile ambayo Waswahili huiita Jumapili; hiyo kwao ni al-ahad, yaani siku ya kwanza, na ya tano ni al-khamis. Waswahili huanza siku moja kabla yake. Ijumaa ikiisha kupita, juma limekwisha. Kesho yake ndiyo mosi, keshokutwa ndiyo pili, na hesabu huendelea hata tano. Hapo hukatika. Siku mbili zilizobaki, ile ya sala na ile iitanguliayo, zina majina ya Kiarabu.

Lugha nyingine nazo huhesabu siku, kila moja kwa mwanzo wake. Wareno huiita Jumatatu segunda-feira, yaani ya pili, kwa kuwa huanzia Jumapili. Warusi huiita Jumanne vtornik, neno lenye shina la "pili", kwa kuwa huanzia Jumatatu. Wanaokaribiana mno na Waswahili ni Waajemi. Kwao Jumamosi ni shanbe, na siku zifuatazo huundwa kwa kuitangulizia shanbe hesabu, tangu yekshanbe hata panjshanbe, ambayo ni Alhamisi. Mji mkuu wa Tajikistan, Dushanbe, ulipata jina lake kwa soko lililokuwa likifanyika huko kila Jumatatu. Tofauti ni moja tu: Waajemi hawaihesabu shanbe yenyewe, bali Waswahili huihesabu Jumamosi. Ndiyo maana "tano" ya Waajemi huangukia Alhamisi, na ya Waswahili Jumatano.

Hesabu zenyewe pia zafaa kuangaliwa. Mosi, pili, tatu, nne na tano zote ni za asili ya Kibantu. Sita, saba na tisa zimeazimwa kutoka Kiarabu, zikachukua mahali pa tandatu, mfungate na kenda. Kwa kuwa hesabu ya siku ilikoma kwenye tano, haikuhitaji neno la kuazimwa. Basi majina ya siku hayawezi kutumiwa kuwa ushahidi wa wakati ambapo sita iliingia katika lugha. Hata hivyo maneno ya kale hayakufa yote. Fungate, zile siku saba za maarusi baada ya ndoa, imeihifadhi saba ya zamani, ingawa wengi walitumiao neno hilo hawaisikii tena hesabu iliyomo ndani yake.

Mambo haya yangekuwa ya kustaajabisha tu kama yasingegusa maisha ya watu. Katika mapokeo ya pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule uujao baada ya mchana wa Alhamisi. Katika hesabu ya ofisini, siku huanza katikati ya usiku, na usiku wa Ijumaa hufahamika kuwa ni ule uufuatao mchana wa Ijumaa. Na uchukuliwe mfano wa shahidi asemaye mahakamani kwamba alimwona mshtakiwa usiku wa Ijumaa, saa mbili. Ikiwa shahidi amesema kwa desturi ya wazee, na mkalimani akatafsiri kwa desturi ya ofisini, ushahidi umesogezwa kwa saa 24 kamili. Akisahau, juu ya hayo, kuwa saa mbili usiku ni saa ya pili tangu machweo, ambayo kimataifa ni saa 20.00, akaiandika 2.00, atakuwa ameongeza kosa la saa 6. Mshtakiwa aliyekuwa safarini usiku mmoja na nyumbani usiku wa pili aweza kutiwa hatiani, wala shahidi hakusema uongo.

Hesabu ya saa nayo ina sababu yake. Katika Unguja, iliyo kiasi cha digrii 6 kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki saa moja. Kwa hiyo macheo na machweo yatosha kuwa vituo vya kuhesabia. Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo.

Magazeti yameuona mtego wa usiku, nayo huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kitenzi kuamkia huutaja mchana ambao usiku ule unauelekea, na msomaji hana njia ya kupotea. Neno hilo halikuazimwa popote. Lilikuwamo katika lugha tangu zamani, likapewa kazi mpya.

Hapana budi watungaji wa kamusi nao wafanye sehemu yao. Haitoshi kuandika kwamba Ijumaa ni siku ifuatayo Alhamisi. Yafaa ielezwe ni hesabu ipi iliyozaa kila jina, na usiku wa Ijumaa upewe maana zake mbili waziwazi. Mtoto wa shule aonaye kalenda ikianza na Jumatatu ana haki ya kuuliza kwa nini tatu imekuwa ya kwanza, na mwalimu wake ana haki ya kulikuta jibu kitabuni.