Fujo katika Chumba cha Masomo: Mwalimu Afanye Nini?



Mapadri wengine wanaitwa kufundisha katika universite na shule za juu, Likasi, Lubumbashi na pahali pengine. Mara nyingi wanarudi nyumbani wamechoka, wakisema: «Wale vijana hawasikii.» Mmoja anachelewa, wawili wanazungumza nyuma, wengine wanainamia telefone. Mwalimu akigeukia ubao, mtu anapiga mluzi, na wote wanacheka. Je, tuwafukuze? Ao tujifanye hatusikii? Neno hili linatuhusu sisi wote, hata katekista mwenye wakatekumeni kumi tu.

1. Taabu hii si ya leo

Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika, alikuwa mwalimu wa ufasaha katika mji wa Karthago. Wanafunzi wa pale walikuwa na desturi mbaya ya kuingia kwa nguvu katika shule za walimu wengine na kuharibu masomo. Agostino alichoka. Mwaka 383 alihamia Roma, kwa maana aliambiwa wanafunzi wa Roma ni watulivu. Kweli, walikuwa watulivu. Lakini siku ya kulipa mwalimu ilipofika, walimkimbia na kwenda kwa mwalimu mwingine! Basi tujifunze: kuhama darasa si dawa. Kila darasa lina ugonjwa wake.

2. Njia mbili

Mwaka 1877 Mtakatifu Yoane Bosko aliandika kitabu kidogo juu ya malezi ya vijana. Alionyesha njia mbili. Katika njia ya kwanza, mkubwa anatangaza sheria, kisha anangojea mkosaji ili amwazibu. Katika njia ya pili, mkubwa anatangaza sheria vilevile, lakini anakaa karibu na vijana, anawajua, anawaonya mapema, hata kosa lenyewe linakosa nafasi. Nguzo za njia hii ni tatu: akili, dini na upendo. Wasalesiani walileta mafundisho hayo katika Katanga tangu mwaka 1911.

Mtu atasema: «Bosko alilea watoto, wanafunzi wa universite ni watu wazima.» Ni kweli. Kwa hiyo tusiwalinde kama watoto. Lakini mtu mzima naye anataka kujulikana, na anataka kuelezwa sababu ya sheria. Tena aibu mbele ya wenzake inamwuma kuliko mtoto. Bosko mwenyewe alikataza kuazibu mbele ya watu, isipokuwa mara chache sana.

3. Fujo si sawa na kilio

Hapa tuwe na uangalifu mkubwa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, na askari wakawapiga risasi. Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium walipotaka kuwakumbuka wafu wao, serkali ilifunga universite na kuwaingiza wanafunzi katika jeshi. Hata Lubumbashi, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, damu ya wanafunzi ilimwagika. Wakubwa waliita kilio fujo, wakakijibu kwa nguvu. Ukimya uliofuata haukuwa amani, ulikuwa woga.

Hata katika chumba kidogo tunaweza kukosa hivyo. Mwanafunzi wa Likasi, mji wa migodi, anayelala katika masomo, pengine alifanya kazi usiku ili apate feza ya masomo. Wale wa nyuma wanaozungumza, pengine hawasikii sauti yako, kwa sababu watu ni wengi na mikro hakuna. Uulize kwanza, kisha uhukumu.

4. Mambo ya kufanya

Kwanza: siku ya kwanza, eleza sheria chache, na sababu ya kila moja. Sheria kumi na tano hazishikwi.

Pili: ufike kwa saa yako, umetayarisha somo. Mwalimu anayechelewa amefundisha kuchelewa.

Tatu: fujo ikianza, usipige kelele. Nyamaza kidogo, tembea polepole mpaka karibu nao, uwaulize swali juu ya somo.

Ine: mkosaji umwite baada ya masomo, peke yake. Mwambie kosa lake wazi, msikilize, mpe nafasi ya kutengeneza.

Tano: usitumie alama za mtihani kama fimbo. Alama zinapima elimu. Ukizitumia kwa kulipiza kisasi, umesema uongo kwa maandishi.

Sita: akiendelea kuwazuia wengine, ao akitisha mtu, usivumilie. Apelekwe kwa wakubwa wa shule kufuata kanuni. Upole unaowaacha wanyonge waonewe si upendo.

Ndugu fratri, kesho utasimama mbele ya watu, darasani ao kanisani. Ukiwa umezoea kunyamazisha, watanyamaza, lakini moyo wao utakuwa mbali. Jifunze tangu leo kusikiliza, ili siku ile nao wakusikilize.