Uvira: Mkopo wa masomo unaweza kufutwa kwa kazi, lakini nani anahesabu miaka ya muuguzi?

Kijana wa mtaa wa Kimanga, mjini Uvira, anayepata diploma ya serikali na kutaka kuwa muuguzi ao daktari, anatazama kwanza mfuko wa wazazi. Masomo ya bure yaliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba, yaliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, yanaishia shule ya msingi. Chuoni kuna minervali, vitabu, na kodi ya nyumba kwa wanaokwenda Bukavu. Familia nyingi za kando ya ziwa zinalipa kwa kuuza ndagala, mawese ao mchele wa bonde la Ruzizi.

Majirani wanakopesha

Tanzania ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Inakopesha raia wake tu. Akipata kazi, mkopaji anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kabla ya mwaka 2016 ilikuwa 8. Mwaka 2021 serikali iliondoa ongezeko la asilimia 6 kwa mwaka lililokuwa likivimbisha madeni, lakini deni lenyewe lilibaki.

Burundi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha serikali waligoma mwaka 2017 wakipinga mpango wa kugeuza burse kuwa mkopo. Swali lao lilikuwa rahisi: mtu asiye na kazi atarudisha pesa kwa njia gani?

Deni linalolipwa kwa kazi

Nchi zingine zinajibu swali hilo kwa kufuta deni la anayetumikia raia. Afrika Kusini, burse ya Funza Lushaka, iliyoanzishwa mwaka 2007, inalipia wenye kusomea ualimu. Kila mwaka wa burse ni mwaka mmoja wa kufundisha katika shule ya serikali. Anayekataa, burse yake inageuka mkopo.

Marekani, sheria ya mwaka huohuo wa 2007 inamfutia deni lililobaki mtu aliyelipa mara 120 akifanya kazi ya umma: muuguzi, mwalimu na wengine. Lakini waombaji wa kwanza walipojitokeza, karibu asilimia 99 walikataliwa. Wengi walikuwa na mkopo wa aina isiyokubalika ao malipo yasiyofika hesabu.

Funzo ni kwamba deni halifutwi na miaka uliyofanya kazi, bali na miaka iliyoandikwa.

Shida ya Congo

Hapo ndipo penye mwiba kwetu. Daktari wa Congo anapaswa kuandikishwa katika Ordre des médecins, iliyoundwa mwaka 1968. Wauguzi nao wana Ordre yao tangu sheria ya Julai 2016. Karatasi hiyo inampa ruhusa ya kutibu, haimpi mshahara. Wengi wanaingia hospitalini kama nouvelles unités, NU, wakingoja namba ya matrikule miaka na miaka, huku wakiishi kwa mgao mdogo wa pesa za wagonjwa.

Hata kama kesho Kinshasa ingetangaza kwamba muuguzi anayekubali kutumika Fizi ao milimani juu ya Uvira atalipiwa masomo yake, NU hangekuwa na cha kuonyesha. Anafanya zamu za usiku, anazalisha akina mama, lakini katika daftari la mshahara la serikali hayupo. Kwa hiyo matrikule ndiyo hatua ya kwanza. Burse yenye masharti ya kazi inaweza kufuata nyuma yake.

Kabla ya kutia sahihi

Kwa sasa milango ni michache. Burse ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi inachukua waliopata alama za juu kabisa katika mtihani wa serikali. Mpango wa DAFI wa UNHCR, uliopo tangu 1992, ni wa wakimbizi.

Yeyote anayepewa burse ao mkopo aulize: ni miaka mingapi ya kazi, na wapi? Nani atalipa mshahara? Nikirudia mwaka, itakuwaje? Vita vikifunga kituo, miaka yangu inahesabiwa? Majibu yawe kwenye karatasi, na kila barua ya kupangwa kazi itunzwe pamoja na diploma.

Wazazi waliouza shamba ili mtoto avae blouse nyeupe tayari wametimiza sehemu yao. Sehemu ya serikali inaanza kwa kumwandika.