Haut-Katanga: Kutoka diski ya dakika 3 hadi video zisizokwisha, masolo ya jioni yameenda wapi?

Jua likizama Mitwaba, kaskazini ya jimbo la Haut-Katanga, moto wa jikoni hauangazi tena peke yake. Pale mtandao unapofika, nyuso zinaangazwa na telefone: video ya sekunde chache, kisha nyingine, kisha nyingine, hadi mega ziishe ao batri izime. Mamia ya kilometa kusini, katika mji wa Lubumbashi, ni vilevile.

Watu wazima wengi wanasema walifurahi zaidi wakati vitu vilikuwa vichache. Je, ni kweli, ao ni uzee unaosema?

Diski moja, majirani wengi

Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta kijana akipiga gitare barabarani Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Wimbo wake «Masanga» ulirekodiwa, na sifa yake ikavuka mipaka hadi Kenya.

Diski za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika 3 hivi kila upande. Ni fupi kama video nyingi za leo. Lakini gramafoni ilikuwa ya wachache, na diski zake zilihesabika. Majirani walisikiliza pamoja, wimbo uleule ukarudiwa tena na tena, na kijana mwenye gitare akaushika kwa sikio tu.

Msemo mmoja, mchezo mzima

Teatre nayo ilienda polepole. Kundi la Mufwankolo, likiongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, lilichekesha Lubumbashi kwa miaka mingi, redioni na kwenye televizio, kwa Kiswahili cha mji wenyewe. Waigizaji hawakukariri maneno yaliyoandikwa. Walipatana juu ya habari, wakagawana sehemu, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake palepale.

Mwaka 1986, mtafiti Johannes Fabian aliwauliza juu ya msemo «le pouvoir se mange entier», yaani mamlaka huliwa mazima. Walimjibu kwa mchezo mzima. Waliutayarisha hatua kwa hatua, kisha wakaucheza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, mbele ya kamera za televizio. Wakati ule Mobutu alikuwa angali mamlakani, na kuchekesha watu juu ya mamlaka kulihitaji akili.

Mtazamaji aliyekosa kipindi, alikikosa. Kesho yake kazini ao sokoni aliomba aelezewe, na masolo yakaanza hapo.

Jioni zote hazikuwa tamu

Lakini zamani isisifiwe kupita kiasi. Nyumba nyingi hazikuwa na televizio. Mitwaba yenyewe, pamoja na Manono na Pweto, iliitwa «pembetatu ya mauti», na maelfu ya wakaaji walikimbia vijiji vyao kwa sababu ya mapigano ya Mai-Mai. Kwa familia iliyotawanyika namna hiyo, telefone ni njia ya kujua nani angali hai. Nani angetaka kuirudisha dukani?

Tena, mtandao huohuo umehifadhi mali ya Katanga. Maandishi ya michezo ya Mufwankolo yanapatikana katika Archives of Popular Swahili, hifadhi iliyowekwa kwenye mtandao na Fabian pamoja na Vincent de Rooij wa Université ya Amsterdam. Mtoto wa Mitwaba anaweza kuyafungua bila kulipa kitu zaidi ya mega zake. Ila hayatamfikia yenyewe, kama zinavyomfikia video za kucheza. Lazima mtu mzima amuambie kwamba yapo.

Tena lazima akae naye. Katika michezo hiyo kuna mizaha ambayo kijana wa leo hawezi kuishika peke yake: desturi za kazi, maneno ya mtaani, mambo ya utawala wa wakati ule. Mzee aliyecheka siku ile anaweza kueleza kwa nini alicheka.

Haiombi gramafoni. Telefone moja katikati ya watu watano inatosha, mchezo mmoja ukisomwa kwa sauti, na nyingine nne zikibaki mfukoni kwa saa moja. Ila wazee wanaokumbuka vicheko vile wanapungua kila mwaka.