Nyumba Ikithaminiwa Kupita Kiasi, Ushahidi Uwe Tayari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unawahusu sana askari na polisi wa Arua na Koboko, ambao hujenga vyumba vya kupangisha nyumbani, kisha hupelekwa kulinda nchi mbali, na kumwachia mama wa nyumba funguo na karatasi zote.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2005 imezipa serikali za mitaa uwezo wa kutoza kodi ya majengo. Mthamini hukadiria pango ambalo jengo lingeweza kuleta kwa mwaka, hutoa gharama za matengenezo, na kinachobaki ndicho msingi wa kodi. Nyumba ya kuishi anayokaa mwenyewe imesamehewa. Orodha ya uthamini huwekwa hadharani, na asiyeridhika ana haki ya kupeleka pingamizi kwa maandishi, lisikilizwe na Mahakama ya Uthamini.

Chukua mfano wa mama wa Lurujo ambaye mumewe ni koplo katika kambi ya mbali. Jengo lao la mjini Koboko limeandikwa vyumba 6, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani shilingi 4,320,000 kwa mwaka. Kumbe vyumba 2 vimeishia kwenye kuta, havina paa wala mpangaji. Vile 4 vinavyokaliwa huleta shilingi 2,880,000 tu. Hivyo familia itadaiwa kodi juu ya shilingi 1,440,000 ambazo hazikuingia mkononi mwa mtu.

Kulia mbele ya karani hakutamfaa mama huyo, karatasi zitamfaa. Kwanza, aweke pamoja mikataba ya wapangaji na vitabu vya risiti. Pili, apige picha za vyumba visivyo na paa, na kila picha iandikwe tarehe. Tatu, aombe barua ya mwenyekiti wa kijiji aliyefika kuona kwa macho yake. Nne, aangalie majengo ya jirani yanayofanana na lake yameandikwa kiasi gani katika orodha hiyo hiyo. Mwisho, awe na barua ya mumewe ya kumruhusu kusema kwa niaba yake. Kila karatasi iwe na nakala, na nakala ya pingamizi igongwe mhuri na tarehe ya kupokelewa, kabla siku zilizotajwa katika tangazo hazijapita.

Baada ya vita vya 1979, jamaa nyingi za West Nile zilikimbilia Zaire na Sudan, na hati nyingi zikapotea. Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu baba, warithi waanze mapema kutafuta hati ya usimamizi wa mirathi, ili msemaji wao asije akaulizwa yeye ni nani.

Kupinga hesabu si kukataa kodi, kwani mji hauchimbi mitaro wala kuzoa taka bila fedha. Lakini raia mwema hulipa kilicho haki. Basi askari ajapo likizo, na akae na mkewe, wafungue sanduku, wapange karatasi zao. Siku ya tangazo isiwakute wakipekua chini ya godoro.